Kura Zilizobaki Barazani

Nyumba ya Mzee Mbwana iko pale njia inapoanza kuteremka kwenda kwenye feri. Hutoki kwetu Likoni kwenda Mjini, kule kisiwani, ila upite mbele ya baraza lake, na hupiti mbele ya baraza lake ila usimame, umwamkie, umuulize hali ya nyumba, nawe uulizwe hali ya nyumba yako, kisha uulizwe wendapi. Mgeni huona ni usumbufu. Sisi tulizaliwa tukayakuta hayo, tukayazoea kama mtu azoeavyo jiwe lililo mlangoni kwake, hata kukiwa kiza mguu wajua wenyewe kulikwepa. Mwaka wa uchaguzi ndio tuliojikwaa, tena mchana kweupe.

Ulikuwa mwaka wa arubaini na nane, vita vimekwisha na vitu madukani bado ni vya kutafuta. Waarabu wa pwani walikuwa na kiti kimoja cha kupigiwa kura katika Baraza la Sheria la Nairobi, na waliokitaka walikuwa wawili. Mmoja alikuwa mtu wa kisiwani, mtoto wa nyumba kubwa, na chama chake kikiitwa Jamii ya Mjini. Wa pili alikuwa wetu, Sheikh Mwidani, aliyezaliwa huku Likoni na mashamba yake yako huku, ingawa biashara ilimpeleka kukaa Mjini. Chama chake kilikuwa Umoja wa Ng'ambo. Jina hilo lilianza kwa kejeli. Watu wa kisiwani walikuwa wakituita sisi wa upande huu wa maji "watu wa ng'ambo", na maana yao ni washamba. Tukalichukua jina, tukalivaa kama nguo ya Idi.

Kura haikuwa ya kila mtu. Wanawake hatukuwamo, hata uwe umesoma msahafu mara ngapi. Wanaume wengi nao hawakuwamo. Walioandikwa ni wale waliohesabiwa kuwa Waarabu na wakajua kusoma. Baba yangu aliandikwa. Kahindi, mkwezi wetu wa minazi, Mgiriama wa Mwakirunge, hakuandikwa, na siku moja aliniuliza akiwa juu ya mnazi.

"Mwanarehema! Hiyo kura yaliwa au yavaliwa?"

"Yatiwa sandukuni, Kahindi."

"Kisha sanduku labebwa na mtu mwingine?"

"Naam."

"Ah. Basi ni kama mahari," akasema, akanitupia dafu.

Nilicheka, lakini mimi uchaguzi ule haukuwa mchezo kwangu. Nilikuwa na sababu yangu, na jina la sababu hiyo ni Mastura.

Mastura ni mdogo wangu. Wakati huo alikuwa na miaka minane, mtoto mwepesi, ukimfundisha herufi asubuhi jioni amekuandikia jina la kila kuku. Mimi nilisoma Mjini mpaka darasa la nne kwa sababu marehemu bibi alikuwa hai, na kila siku akivuka nami, akinikalia chini ya ukuta wa skuli akisuka ukili mpaka nitoke. Bibi alipokufa, skuli yangu ikafa naye. Baba si mtu mbaya. Alisema tu, "Feri ina watu wa kila namna. Mtoto wa kike havuki peke yake." Na Baba akisema neno huwa amelisema.

Sasa Sheikh Mwidani alikuja akakutanisha watu uani kwetu, sisi wanawake tukiwa nyuma ya pazia na masufuria yetu, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka jikoni: "Nikipata, jambo la kwanza nitakalosimama kulisema ni skuli ya wasichana, hapa hapa Likoni. Watoto wetu wasome bila kukanyaga feri." Baba akaitika mbele ya watu, "Skuli ikiwa hapa, Mastura wangu wa kwanza." Nililisikia hilo kwa masikio haya. Siku ile ile nikaanza kumsukia Mastura mkoba wa ukili, wenye milia ya rangi nyekundu, wa kutia kitabu na ubao.

Basi nikafanya kazi ya chama kuliko wenye kura. Nilipika, niliosha vikombe, nilikwenda na shangazi yangu, Bi Mwanatatu, nyumba kwa nyumba kuwaambia wanawake siku ya kura wawaamshe wanaume mapema na wawapigie pasi kanzu. Hiyo ndiyo kazi iliyonifundisha mlango kwa mlango wa Likoni, na ndiyo iliyonionyesha tatizo kabla ya wengine.

Kwetu mtu haendi kwenye shughuli kwa kusikia. Huenda kwa kualikwa. Ukimwalika mtu unaingia kwake, unavua viatu, unakaa, unauliza watu wote wa nyumba hata mbuzi, kisha ndipo unataja siku na mwenye shughuli. Wanawake huwaalika wanawake, wanaume huwaalika wanaume, na mzee mkubwa haalikwi na kijana. Huendewa na mwenye shughuli mwenyewe. Aliyerukwa hususa. Na kususa si kukasirika. Aliyekasirika atagomba, mtasikizana, yataisha. Aliyesusa hukaa palepale umwone, akiwa na adabu zake zote, akakunyima kitu kimoja tu, nacho ni kile unachokitaka.

Tulipofika kwa Mzee Mbwana, mkewe Bi Dhahabu alitupokea vizuri, akatupa tambuu. Shangazi akasema yote yanayosemwa. Bi Dhahabu akaitika, kisha akanigeukia mimi.

"Mimi mwanialika, mjukuu wangu, nami nimekubali. Kanzu itapigwa pasi. Lakini mwenyewe nani aliyemwalika?"

Shangazi akatema tambuu. "Hajaalikwa Mjomba?"

"Mimi sijaona mtu. Nimeona watu wakipita wakienda kwa jirani."

Mzee Mbwana ni mjomba wa baba yangu na wa shangazi, ndugu wa mama yao. Ndiye mkubwa wa mtaa wetu. Chama chenyewe kilizaliwa barazani kwake. Mikutano ya kwanza aliikalia yeye, na hata jina la Umoja wa Ng'ambo ni yeye aliyelitamka. Wanaume wengi wa upande wetu wenye kura walikuwa wanawe, wapwa zake, au watu waliolelewa kwa nazi zake.

Hatukukawia. Tulimkuta Katibu wa chama uani kwetu. Katibu alikuwa kijana wa Mjini, amesoma sana, suruali yake ina mkunjo wa kukata mkate. Yeye ndiye aliyegawa nani amwalike nani. Shangazi akamweleza kutoka nyuma ya pazia.

"Mzee Mbwana?" Katibu akacheka. "Bi Mwanatatu, yule ndiye chama. Mtu hualikwa nyumbani kwake? Mimi nawatafuta wale wa shakashaka. Wa ndani hana haja ya kualikwa."

"Mwanangu, kwenu Mjini huenda ni hivyo. Huku wa ndani ndiye huanza."

"Hii ni siasa, si harusi."

"Ndiyo maana nakwambia. Harusi mtu akisusa, pilau hubaki tukala sisi. Kura yake ikibaki utaila wewe?"

"Nitamweleza Sheikh," akasema Katibu, kwa sauti ile ya mtu anayemwambia mtoto kesho tutakwenda.

Nilimtazama akiondoka. Hakuuliza hata jina la mke wa Mzee Mbwana. Nikajua hatamweleza mtu.

Nikaona basi niende mimi. Asubuhi moja nilimkuta Mzee Mbwana barazani akikuna mgongo kwa bakora yake.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba, mke wangu. Waja kuniposa?"

"Leo nimekuja kukualika, Babu. Alhamisi ni siku ya kura. Sheikh Mwidani—"

Akainua kiganja, taratibu, bila ubaya wowote. "Mwanarehema. Wewe utanialika harusi yako, nami nitakuja nikicheza. Shughuli ya Mwidani ina mwenyewe. Mwidani nimemtahiri mimi; yaani nilimshika mimi akikatwa, akanitia meno hapa." Akanionyesha mkono, na kweli kovu lipo. "Amenisahau kunialika. Si neno. Watu husahau."

"Hakusahau, Babu. Ni Katibu aliyedhani—"

"Katibu simjui. Ni mtoto wa nani?"

"Na skuli, Babu? Skuli ya kina Mastura?"

Akanitazama kwa huruma ya kweli, na huruma hiyo ndiyo iliyoniudhi kuliko yote. "Skuli ni jambo jema sana," akasema. "Mwenyezi Mungu ailete."

Jioni nikamwendea Baba. Nilisubiri amalize kula, kwa sababu Baba akiwa na njaa hasikii. Nikamwambia avuke akamwambie Sheikh mwenyewe.

"Siwezi," akasema. "Nikimwendea Mwidani nikamwambia njoo umwalike mjomba wangu, itakuwa ni mjomba aliyenituma kuomba mwaliko. Nitakuwa nimemvua nguo."

"Basi wewe Alhamisi utakwenda, Baba? Kura yako?"

Akanawa mikono polepole. "Inshallah," akasema.

Iko inshallah ya kwenda na iko inshallah ya kutokwenda. Mwanamke aliyekulia nyumba moja na mwanamume huzijua zote mbili.

Alhamisi ikafika. Kura zilikuwa zapigwa Mjini, katika skuli moja upande wa sokoni, na mlango ungefungwa jioni. Tangu alfajiri niliwasha makaa ya pasi. Baba akatoka na kanzu inayong'aa, kofia ya kazi ya mkono, manukato. Mastura akamshika mkono mpaka njiani, mkoba wake mpya begani ingawa nilimwambia auache. Nami nikafuata na Shangazi, mabuibui yetu juu, tukasimama kwenye ua wa nyumba inayoelekeana na baraza la Mzee Mbwana.

Mzee alikuwa amevaa. Wallahi alikuwa amevaa. Kanzu nyeupe, joho, kilemba, bakora yenye kichwa cha fedha, na harufu ya udi wa Bi Dhahabu ikitufikia ng'ambo ya njia. Mtu asiyekusudia kwenda hajivishi vile. Alikuwa amebakisha kuinuka tu.

Akaja Baba.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba. Wendapi, mwanangu?"

Baba akatazama maji, akatazama baraza. "Nimekuja kukuamkia tu, Mjomba."

"Karibu ukae."

Baba akakaa. Akaja mwingine, kanzu safi, viatu vinang'aa. Wendapi? Nimekuja kukuamkia tu. Karibu ukae. Akaja wa tatu, akaja na mwanawe, wakaja ndugu wawili wa nyumba ya kisimani. Wote walikuwa wamevaa za kwendea, na wote walikuwa wamekuja kuamkia tu. Baraza likajaa mpaka vijana wakakalia vidato. Ungepita usijue mambo, ungedhani watu wangojea bibi harusi.

Shangazi hakuweza. Akavuka njia, akasimama mbele yao.

"Masheikh, leo ni matanga ya nani? Mbona sikuitwa kupika?"

Wengine wakainamisha vichwa kucheka. Mzee Mbwana akamjibu kwa upole, "Mpishi ni wewe, Mwanatatu, nasi tumo tayari kula. Lakini maiti hatujaambiwa."

"Mjomba, wajua leo ni siku gani."

"Nimesikia. Mtu husikia hata adhana ya mji wa pili, lakini haendi kuswali huko."

Hapo ndipo motokari ya chama ilipokuja ikitokea upande wa mashambani, Katibu mbele kando ya dereva. Ikasimama njiani, na haikuzima. Akapiga honi. Akapiga tena. Akatoa kichwa dirishani.

"Wazee! Haya, haraka, pandeni, feri yangojea!"

Hakuna aliyetikisika. Mzee Mbwana akageuza shingo kumtafuta Kahindi, aliyekuwa akifua nazi pembeni.

"Kahindi, mbuzi wangu wametoka? Nasikia mtu yuwaswaga."

"Wamefungwa, Mzee. Labda ni mbuzi wa Mjini."

Katibu akateremka, na viatu vyake, akaja mpaka kwenye kidato. "Mzee Mbwana, ni mimi."

"Nakuona. Wa alaikumu salaam."

Katibu hakuwa ametoa salamu. Uso wake ukawa mwekundu, akazidi kuharibu. "Mzee, kwani wewe ni wa kualikwa? Chama si chako?"

"Kikiwa changu, mbona siku yake niliisikia kwa jirani?"

"Sina wakati wa mambo haya!"

"Nenda mwanangu, usichelewe. Sisi wakati tunao."

Motokari ikateremka kwenye feri na viti vitupu. Nikaona Baba akiifuata kwa macho mpaka ikapotea, na mkono wake ukawa wafungua na kufunga kifungo cha kanzu.

Sikungoja tena. Nilimshika Mastura mkono, nikamwambia Shangazi, "Twende kwa Sheikh sisi." Shangazi akanitazama kama nimepandwa na wazimu, kisha akajifunga buibui vizuri. Tulipita mbele ya baraza. Mzee Mbwana akauliza, "Wendapi?" Mimi nikamjibu ukweli, nadhani ndimi mtu wa kwanza siku ile kumjibu ukweli. "Naenda Mjini, Babu, kumleta mwenye shughuli." Akaigeuza bakora mkononi. Baba naye akatazama vidole vya miguu yake.

Mjini tulisimama mbali na mlango wa kura, chini ya ukuta, kama marehemu bibi alivyokuwa akinikalia. Wanaume walijaa, bendera za Jamii ya Mjini zimefunga njia, watu wao wakija makundi makundi. Mara mbili tulimtuma mtu kwa Katibu. Mara zote akarudi na neno moja: Sheikh ana kazi. Adhuhuri ikapita, jua likatuingia ndani ya mabuibui. Mastura akachoka, akakalia mkoba wake. Ilipokaribia alasiri Sheikh Mwidani akatoka mwenyewe, jasho kidevuni, akawa atazama njia ya feri kama mtu aliyepotewa na kitu. Shangazi akamkata njia.

"Mwidani!" Walikuwa wamecheza pamoja utotoni, haya hakumwonea. "Wawatafuta watu wa Likoni? Wamekaa barazani kwa Mjomba. Hakuna aliyemwalika."

Sheikh alisimama. Hakuuliza kwa nini wala vipi. Alijipiga paji la uso kwa kiganja. "Mzee Mbwana hakualikwa? La ilaha illallah." Akaanza kwenda mbio, na kanzu yake ameishika mkononi kama mwanamke anayevuka mto. Nilipenda sana kumwona akikimbia. Nikasema moyoni, yameisha, wakati upo.

Na wakati ulikuwapo. Hilo ndilo linalonikera mpaka leo. Feri ilikuwa upande wa pili, tukaingoja; ikaja, tukavuka; na jua bado lilikuwa juu ya minazi. Sheikh akapanda kilima hata akahema, akafika barazani, akavua viatu, akasema, "Asalaamu alaikum."

Baraza zima likaitika, na nyuso zikafunguka kama madirisha. Mzee Mbwana akamwachia nafasi kando yake. Sheikh akakaa. Sasa sema, nikaomba moyoni. Sema neno moja.

"Mzee, wahali gani?"

"Alhamdulillahi."

"Na Bi Dhahabu?"

"Hajambo. Kiuno tu."

"Kile cha mwaka jana?"

"Hicho hicho. Afadhali sasa, amepakwa mafuta."

Wakauliza wana. Wakauliza wajukuu. Wakauliza minazi iliyoliwa na wadudu. Sheikh angeruka hata moja, angekuwa ameharibu kama Katibu, alijua, nami nilijua, na jua nalo halikujua. Ndipo Sheikh akasema, "Mzee, nimekuja mwenyewe. Nina shughuli, na leo ndiyo siku yake. Nakualika wewe na watu wako. Na kama nimechelewa, nimekosa."

Mzee Mbwana akafumba macho, akayafumbua. Yalikuwa na maji. "Nimekubali mwaliko, mwanangu," akasema. "Tutakwenda sote." Kisha akainua sauti kuelekea ndani ya nyumba, na tangu siku hiyo sauti hiyo naisikia hata usingizini. "Kahawa!"

Kwa sababu mtu hawezi kuja kukualika akaondoka mdomo mkavu.

Bi Dhahabu na kiuno chake hakuweza kuinama. Kazi ikawa yangu. Nilipuliza makaa yale mpaka nikaona nyota. Niliyachukia. Maji hayakutaka kuchemka, nami nikayaondoa kabla ya wakati, nikatia tangawizi, nikampa Mastura vikombe, tukatoka nayo. Mzee Mbwana akaonja. Akakirudisha kikombe kwenye sinia, kwa adabu.

"Hini haijatokota, mjukuu wangu. Mgeni hanywi hivi."

Nikamtazama Sheikh. Sheikh akatazama minazi. Nikamtazama Baba, Baba akaniashiria kwa nyusi: rudi. Nikarudi, nikaipika mpaka ikatokota, na kila kipovu kilichopanda nilikiona ni mtu mmoja wa Jamii ya Mjini akitia kura.

Waliinuka jua likiwa limeshuka kati ya vigogo. Walipendeza, siwezi kusema uongo. Mzee Mbwana mbele na Sheikh kulia kwake, Baba nyuma yao, kanzu zote nyeupe zikiteremka kilimani, wanawake wakatoka vibarazani wakapiga vigelegele. Mimi sikupiga. Niliwaona wakipanda feri, nikaiona feri ikiondoka taratibu, ikiwa ndogo.

Walirudi Maghrib imekwisha. Walikuwa wakicheka.

"Tulikuta mlango umefungwa," Baba akatuambia, akivua kofia. "Lakini ungemwona mjomba! Alikwenda mpaka kwenye mlango wenyewe, akaugonga kwa bakora, akasema, 'Sisi wa Likoni tumealikwa na tumeitika.' Hata askari alisimama." Akaketi, akapumua kama mtu aliyelipa deni. "Mambo yamekwenda vizuri."

Nilimtazama baba yangu. Vizuri.

Siku mbili tatu baadaye matokeo yakasomwa. Jamii ya Mjini walishinda, na watu waliotuzidi kwa kura, ukiwakusanya, wangekaa kwenye baraza la Mzee Mbwana na pangebaki nafasi ya kutandika jamvi. Katibu alisema watu wa ng'ambo ni wajinga. Watu wa ng'ambo wakasema Katibu hana malezi. Kila upande ulikuwa na la kusema, na wote wakalisema kwa raha.

Ijumaa ya juma lililofuata Sheikh Mwidani akaja kutoa shukrani. Wakakutana uani kwetu, Mzee Mbwana katikati, watu wote wale wale. Mimi na Mastura tulikuwa jikoni, nyuma ya pazia. Yeye alikuwa akichambua mchele juu ya ungo, nami nikisikiliza kwa sikio moja nikijua nitakayoyasikia.

"Uchaguzi mwingine ni baada ya miaka minne," Sheikh akasema. "Na mimi, wa kwanza kumwalika atakuwa Mzee wangu huyu."

"Kabla ya mke wako?" Mzee akauliza, wakacheka.

"Na ile skuli?" akauliza Baba. Nashukuru aliuliza.

"Ipo pale pale. Miaka minne si mingi. Inshallah."

Watu wakaitika inshallah. Nami sijui nini kilinipata, mimi niliyezoea kungoja wamalize kula ndipo niseme. Nikasema kutoka nyuma ya pazia, kwa sauti ya watu kusikia:

"Baada ya miaka minne Mastura atakuwa amewekwa ndani."

Nilisikia mchele wa Mastura ukiacha kutikisika. Wote waliokuwa pale ni watu wenye mabinti, na wote wajua msichana akivunja ungo hatoki tena kwenda skuli, iwe ya ng'ambo ama ya mlangoni. Baba akakohoa. Mwisho akasema Mzee Mbwana, kwa ile huruma yake.

"Ni kweli, mjukuu wangu. Lakini Mastura atakuwa na wanawe. Wao watasoma." Kisha akapumua, na mambo yote yakawa yamewekwa mahali pake. "Mwanarehema."

"Abee, Babu."

"Tufanyie kahawa."

Nikayatazama makaa. Yalikuwa mekundu, yamekolea vizuri, buli limeanza kuimba juu yake. Mastura akaninyooshea mkono kunipa mkoba wa ukili. Tangu matokeo yasomwe tulikuwa tukitia humo tangawizi na karafuu, usikae bure. Sikuupokea.

"Moto umezimika, Babu," nikasema.

Mastura akautazama moto, akanitazama mimi. Nje wakaanza kuulizana nani ana makaa karibu. Nami nikavuta kibao, nikakaa kando ya buli, nikaliacha litokote.